Sura ya Tisa: Anueni Kahawa

Bugene nzima ina watu wawili waliowahi kudai kwamba wameisikia Brazili redioni kwa masikio yao. Wa kwanza alikuwa katekista, na huyo alikwishafariki, kwa hiyo hatumsumbui. Wa pili ni mzee Rwegoshora, dereva wa malori aliyestaafu, anayeapa kwamba Wabrazili waliposikia anatoka Karagwe walimuuliza bei ya maharage.

Inspekta Kemilembe hakuja kuulizia Brazili. Alishuka kwenye gari kabla halijasimama vizuri, akakatiza kibanja chini ya migomba na kupiga hodi. Koplo Gideon alimfuata nyuma akiwa ameshika simu yenye ile sauti iliyowafikisha walipofika.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nilimwambia Mama Vero, afande atarudi. Kaa, utafune kahawa."

"Leo sikai, baba."

"Basi tafuna umesimama."

Alimsogezea kisahani cha kahawa ya kutafuna. Kemilembe akachukua punje mbili, maana kukataa kungemchelewesha zaidi. Wingu zito lilikuwa limekaa upande wa Kyerwa. Mvua za vuli zilikuwa zimewahi mwaka huo, na kila uwanja kati ya hapo na Kanoni ulikuwa umeanikwa kahawa.

Tangu Jumatatu lori la chama cha wakulima lilikuwa halijaonekana. Lilitoka Kyerwa limejaa magunia ya kahawa, likielekea Kayanga, na halikufika. Dereva wake, Cassian, hakufika pia. Mkewe, Deodatha, alikuwa anashinda kwenye baraza ya kituo cha polisi na hotipoti ya chakula mapajani. Kila jioni alirudi nacho nyumbani, na kila asubuhi alikuja na kingine.

Mahabusu ya kituo hicho ilikuwa na mtu mmoja tu kwa kesi hiyo: Tumwine, mfugaji wa Kyerwa. Kilichomweka ndani ni sauti aliyoinasa Rwegoshora.

"Niambie tena ulivyoinasa," alisema Kemilembe. "Bila chumvi."

"Bila chumvi haina ladha, lakini sawa." Mzee aligonga sanduku jeusi lililokuwa juu ya meza. "Hii ni redio ya CB, niliing'oa kwenye lori langu siku niliyostaafu. Haitaki mnara, haitaki laini, haitaki vocha. Ukibonyeza unasema, na kila mwenye kama hii aliye karibu anakusikia. Zamani barabara nzima tulikuwa humu tukitukanana. Siku hizi hamna mtu. Sasa Jumanne nawasha, nasikia watu wanaongea. Nikajua hao si watu wa heri. Watu wa heri wako WhatsApp."

"Ukafanya nini?"

"Nikaweka simu kwenye spika, nikarekodi, nikakuletea."

Gideon akabonyeza simu. Chumba kikajaa mvumo kama wa mafuta yanayokaanga, na ndani yake sauti ya mtu iliyobanwa puani, mfano wa bata anayezama. Maneno machache tu yalishikika: *lori*, kisha *mgonjwa*, kisha *msubirini*. Nyuma ya yote kulikuwa na kitu kinagonga. Tak-tak-tak-tak. Kikanyamaza. Tak-tak-tak-tak.

"Hiyo ndiyo pampu," alisema Rwegoshora.

"Nani alikwambia ni pampu?"

"Wewe."

Aliyesema hivyo mara ya kwanza alikuwa Elipidius, katibu wa chama, aliyekuja kituoni kuripoti kupotea kwa lori. Sauti ilipochezwa alikuwa amekaa palepale mbele ya meza. Alisikiliza, akainamisha kichwa, akasema kwa masikitiko kwamba pampu ya maji ya namna hiyo, upande ule, anayo Tumwine peke yake. Kemilembe akaenda Kyerwa, akaikuta pampu kando ya birika la ng'ombe, injini bado ya moto. Akamchukua Tumwine na pampu yake.

Lakini asubuhi hiyo, alipompelekea uji, Tumwine alikuwa ameuliza swali moja.

"Afande, pampu yangu ikianza inapiga mfululizo mpaka birika lijae. Hii yenu inapiga, inapumzika, inapiga. Ng'ombe gani anakunywa hivyo?"

Swali hilo ndilo lililomleta Bugene.

"Mzee, washa redio yako."

"Hii ya zamani, au ile ya kisasa?"

"Ipi ya kisasa?"

Rwegoshora alikuwa anangoja kuulizwa. Alitoa kwenye soksi kijiti chenye ukubwa wa kidole gumba, akakichomeka kwenye kompyuta mpakato iliyopasuka kona.

"Binti yetu Vero amenitumia kutoka Mwanza. Ukiifungua hutaona vyuma vingi. Kazi yote ya redio inafanywa na kompyuta. Ile ya zamani inasikia chaneli moja kwa wakati mmoja, kama mtu anayechungulia tundu la kitasa. Hii inafungua mlango mzima. Juzi nimemsikia nahodha wa meli anagombana na mpishi wake. Chumvi ilikuwa imezidi."

"Kwenye meli au kwenye hadithi?"

"Kote."

Kioo kilijaa rangi ya bluu iliyokuwa ikiteremka polepole kama maji kwenye mwamba. Mzee alieleza kwamba kila anayerusha mawimbi huchora mstari wake kwenye maji hayo: akiongea mstari unawaka, akinyamaza unakatika. Kemilembe aliinama. Hakukuwa na mstari wowote mmoja. Kulikuwa na michirizi ya njano iliyokatiza kioo kutoka ukingo hadi ukingo, ikija kwa vikundi. Spika ikafuata: tak-tak-tak-tak. Kimya. Tak-tak-tak-tak.

"Nani anaongea sasa hivi?"

"Hakuna."

"Na hiyo?"

"Hiyo si ndiyo pampu ya Tumwine?"

"Pampu ya Tumwine iko stoo ya kituo, ina lebo ya kielelezo," alisema Kemilembe. "Haina hata mafuta."

Rwegoshora alichungulia chini ya meza. Gideon naye alitazama nje, kama vile pampu ingeweza kuwa imetoroka.

"Kitu chenyewe kimekata kioo chote," Kemilembe aliendelea. "Hao watu wangekuwa na mstari mmoja, umesema. Hiki kiko kila mahali. Kitu kikiwa kila mahali ni kwa sababu kiko karibu. Kiko humu ndani. Nyumba yako ina vitu gani vya umeme?"

"Vyote ni vya sola, na ni safi. Mwenyewe nimefunga."

"Zima kimoja kimoja."

Walizima taa ya sebuleni. Michirizi ikabaki. Walizima runinga, mzee akilalamika kwamba runinga yake ni ya Kijapani na Wajapani hawana makelele. Ikabaki. Walichomoa chaja ya simu. Ikapungua kidogo ukingoni, lakini katikati ikabaki vilevile. Gideon alifuata waya ulioingia chumba cha nyuma, akasimama mlangoni.

"Na hii nini?"

"Hiyo haizimwi," ilijibu sauti ya mwanamke.

Bi Benadeta, ndiye Mama Vero, alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya sanduku la mbao lenye kidirisha cha kioo, mikono kifuani, kama mlinzi wa benki. Ndani ya sanduku mayai yalikuwa yamepangwa kwa safu chini ya taa. Ilikuwa mashine ya kutotolesha vifaranga. Kidude cha kupimia joto kiliwasha taa, kikazima, kikawasha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Haizimwi, waitu, mwanangu. Yanakaribia kupasuka. Yakipoa sasa nimekwisha, na nusu ni ya watu wa kanisani."

"Dakika moja tu, mama."

"Huyu naye," alisema Benadeta akimwonyesha mumewe kwa kidevu, "aliomba dakika moja ya kujaribu redio, mwaka wa arobaini sasa hajamaliza."

Kemilembe alichuchumaa mbele yake. "Mama, kuna mtu kafichwa mahali. Mkewe anampikia kila siku, na chakula kinarudi. Nataka kumsikia anayemshikilia. Mashine yako ndiyo inayonizuia."

Benadeta alimtazama, akayatazama mayai. Kisha akainuka, akavuta blanketi la kitandani, la pili, na kanzu ya mumewe ya Krismasi, akalifunika sanduku kama mtoto mwenye homa. Ndipo alipochomoa waya mwenyewe.

Sebuleni, kioo cha kompyuta kiligeuka bluu tupu.

Spika ilibaki na mvumo mwembamba tu, kama upepo kwenye majani ya mgomba.

"Kwa hiyo," alisema Gideon hatimaye, "tumemweka mtu ndani kwa ajili ya mayai."

"Nimemweka mimi," alisema Kemilembe. "Ule mlio wa kugonga ulitoka kwenye nyumba ya msikilizaji, si kwa msemaji. Na aliyetuambia ni pampu hakuwa na haja ya kusema chochote."

"Nimpigie simu askari wa zamu amtoe?"

"Hapana. Tumwine akionekana nje, aliyemsingizia atajua tumegundua, na Cassian hataonekana tena. Mwambie askari ampe chai na godoro, na mtu aende kunywesha ng'ombe wake. Atoke tukishampata Cassian."

Kisha akamgeukia mzee. "Kingine kinachoiharibu hii redio yako ni nini? Nataka niwasikie kama ninavyokusikia wewe."

Rwegoshora alikuwa bado anaugulia sola yake, lakini swali lilimrudishia uhai. Antena, alikiri, alikuwa ameitandaza darini, chini ya bati, kwa sababu Mama Vero hapendi waya juu ya nguo zake. Chini ya bati ni sawa na kuongea ukiwa umevaa sufuria. Walikata waya wa shaba vipande viwili, kila kimoja kirefu kidogo kuliko mlango wa nyumba, mzee akapima kwa mikono na kuapa kwamba kipimo hicho ndicho kinachoendana na mawimbi ya CB na asiulizwe kwa nini. Gideon alipanda juu ya mti mmoja wa mgrevilea, kisha mwingine, wakavitandaza kwa kamba ya katani juu ya migomba, mbali na paa. Katikati wakaunga waya wa dishi la runinga, nao wakauzungusha mara kadhaa ndani ya duara jeusi la sumaku alilolitoa mzee kwenye runinga mbovu, ili makelele ya kompyuta yasipande juu. Wakachomoa chaja, kompyuta ikabaki kwenye betri.

"Na hiki nini?" Kemilembe aligusa kipimo kwenye kioo kilichokuwa juu kabisa.

"Nguvu ya kupokea. Nimeifungulia yote."

"Kwa nini?"

"Si nataka kusikia?"

"Na ile stesheni ya mjini inayopiga kwaya, nayo inaingia kwa nguvu hiyohiyo." Akakishusha hadi nusu. Kivuli kilichotanda kwenye kioo tangu antena ipande kikajikunja na kutoweka. Rwegoshora akakohoa, akasema alitaka kufanya hivyohivyo kesho.

Walikaa. Benadeta aliingia na kutoka akiwa na chupa za maji ya moto alizozifunga kwenye kanga, akizisukuma chini ya blanketi. Nje, ngurumo ya kwanza ilipita mbali, na kwenye kioo ikachora mkwaruzo mweupe.

"Radi," alisema mzee. "Kila ikipiga inajiandika. Ukiona mikwaruzo inaongezeka, mvua inakuja."

Kemilembe alikuwa anautazama mstari mwembamba uliojitokeza katikati ya bluu. Ulikuwa mmoja, mnyoofu.

"Hao hapo."

Rwegoshora akausogelea kwa kidole. Bata akaanza kuzama kwenye spika. Mzee alicheka kimoyomoyo.

"Wajanja. Wanarusha nusu ya wimbi tu, ili iende mbali. Redio yangu ya zamani haijui kuikamilisha. Hii inajua." Alibonyeza, akasogeza alama taratibu kama mtu anayefungua kasiki. Bata akapanda juu, akawa mtu.

"...anakula?" ilisema sauti ya kwanza, ikitoka mbali.

"Hataki," ilijibu ya pili, nzito na ya karibu. "Mguu umemvimba. Tukikaa naye hapa tutapata balaa."

"Tunamhamisha leo. Giza likiingia mlete mpaka mtoni, mtumbwi upo. Lori tutalikata vipande hapohapo."

"Na akifika ng'ambo?"

"Hafiki ng'ambo."

Gideon aliacha kutafuna. Kemilembe aliinua kiganja, asiguse mtu kitu.

"Wa mbali yuko Kyerwa kwenye mto," alinong'ona mzee. "Wa karibu ndiye mwenye mtu. Lakini karibu ni neno refu, mwanangu. Inaweza kuwa Kanoni, inaweza kuwa Rugera, inaweza kuwa nyuma ya choo changu."

"Tunajuaje?"

"Kwa antena moja hatujui."

Sauti nzito ilikuwa inaendelea. "Sasa sikiliza. Ukifika pale kwenye daraja uwashe taa..." Ikakatika. Kelele ndogo ikaingia nyuma yake, kama mchanga unaomwagwa. Kisha sauti ikabadilika kabisa, ikawa ya mtu aliyeona moto.

"Mvua hiyo. Anueni kahawa! Nyie, anueni kahawa, acheni kila kitu!"

Mstari haukukatika. Alikuwa amekimbia bila kuachia kitufe, au ameangusha redio juu ya kitu kilichokibana. Spika ikawaletea Bugene uwanja mzima wa watu wengine: nyayo, mabeseni, turubai likiburutwa, mvua ikishuka kwenye bati, na sauti za wanawake wakiitana kutoka nyumba za jirani.

Kemilembe alikuwa amekwishasimama. Alitazama nje. Uwanja wa Benadeta ulikuwa mkavu, jua limekaa juu ya migomba.

"Hapa hainyeshi," alisema. "Kwake imeanza sasa hivi, sekunde hii. Gideon, piga Kanoni. Mimi napiga Rugera. Uliza kitu kimoja tu."

Kanoni walijibu kwamba kuna jua na mawingu ya mbali. Rugera simu iliita muda mrefu kabla Xaveria, mkunga na balozi wa nyumba kumi, hajapokea. Alikuwa anahema.

"Shikamoo, mama. Mvua imeanza kwenu?"

"Marahaba. Ndiyo imetushukia hivi, bila hodi. Subiri nitue beseni. Nimetoka kuwasaidia jirani."

"Jirani yupi?"

"Kwa katibu, Elipidius. Ghala lake limefungwa tangu Jumatatu, anasema yuko Bukoba kwenye kikao. Kumbe lina watu. Mvua ilipopiga wakatoka wanaume ambao siwajui, wanaanua. Nikaingia uwanjani na beseni kama kawaida. Unajua huku, kahawa ikinyeshewa hatuulizi ya nani. Basi nafika mlangoni, wananizuia. Wanapokea beseni, wanamwaga wenyewe ndani, wananirudishia. Tangu nizaliwe sijawahi kuzuiwa mlangoni nikiwa nimebeba kahawa ya mtu."

"Katibu umemwona?"

"Nimemsikia anaita. Sijui amerudi lini."

Kemilembe alikata simu, na kabla hajaishusha ikaita. Jina kwenye kioo: Elipidius, Katibu. Akawanyamazisha wenzake kwa kidole.

"Habari za huko, afande," alisema Elipidius. Pumzi ilikuwa juu. "Nauliza tu, yule mfugaji amekiri?"

"Bado. Kesho tunampeleka mahakamani. Vipi Bukoba?"

"Jua kali. Hata wingu hakuna. Nimepanda ngazi za hapa, nimechoka."

"Pole sana, katibu."

"Ahsante. Tuko pamoja."

Alipokata, walitazama kompyuta. Mvua ya Rugera ilikuwa bado inanyesha kwenye spika. Kisha kitu kikabofya, mstari ukakatika. Ameikumbuka redio yake.

"Twende," alisema Gideon.

"Twende tufanyeje? Ghala lina mlango mmoja, na ndani kuna mtu wanayepanga kumuua. Tukiingia na gari la polisi wataliona likiwa bado barabarani." Kemilembe alichukua punje nyingine ya kahawa, akaitafuna polepole. "Mvua hii ya kwanza haikai. Jua likirudi, watafanya nini?"

"Wataanika tena," alisema Benadeta kutoka mlangoni, kama mtu aliyeulizwa jina lake. "Utaiacha ilale na unyevu ioze?"

"Na ikinyesha ya pili?"

"Wataanua. Na majirani wataingia."

Kemilembe alimgeukia mzee. "Wewe ubaki kwenye kioo. Nataka kujua radi inavyokaribia, na nataka kujua wakisema neno lolote juu ya kumhamisha kabla ya giza. Mama, mashine isiwashwe."

"Najua," alisema Benadeta. Alikuwa amekwishavua sweta lake kuongeza juu ya blanketi.

Walipofika Rugera waliliacha gari nyuma ya shule, mbali na ghala, na askari wengine wanne kutoka kituoni wakakaa ndani ya gari la mkaa lililoazimwa. Kemilembe aliingia kwa Xaveria kwa mlango wa jikoni. Alivua koti la kazi, akajifunga kanga kichwani na nyingine kiunoni, akapewa beseni la bati. Gideon alivaa gambuti za marehemu mume wa Xaveria na kofia iliyotoboka.

Kutoka dirishani uwanja wa Elipidius ulionekana wote. Jua lilikuwa limerudi. Wanaume watatu walikuwa wanaitandaza kahawa kwenye maturubai kwa reki za mbao, haraka, bila kuongea. Mlango wa ghala ulikuwa wazi kiasi cha mtu mmoja kupita.

Simu ilitetemeka. Rwegoshora alinong'ona kana kwamba majambazi wangeweza kumsikia kutoka Bugene.

"Wameongea. Wa mtoni anasema wasingoje giza, askari wameonekana barabara ya Kyerwa. Wa ghala anasema anatoka sasa hivi, akishapakia."

"Na radi?"

"Kioo kinakwaruzwa chote. Lakini sijui, mwanangu. Inaweza kupita pembeni."

Kemilembe alitazama mbinguni. Wingu lilikuwa limeegemea mlima, zito, halisogei. Uwanjani mwanamume mmoja aliacha reki, akaingia ghalani. Injini ya lori ilikohoa mle ndani. Ikazima. Ikakohoa tena.

"Tuvamie," alisema Gideon.

"Ngoja."

"Afande, wakitoka na lori..."

"Hawawezi kutoka na lori bila kupita juu ya kahawa. Angalia ilipoanikwa."

Ilikuwa mbele ya mlango wote, turubai kwa turubai, mpaka barabarani. Elipidius alitokea, katibu mwenyewe, viatu vya kikao na suruali iliyokunjwa hadi magotini. Alitazama kahawa, akatazama ghala, akatazama wingu. Alianza kuwaelekeza watu wake wasogeze turubai moja lipite gurudumu. Wakalikunja la kwanza. Wakalikunja la pili.

Tone la kwanza lilipiga bati la Xaveria kama jiwe.

Halafu yote. Rugera ikapiga kelele moja. Milango ikafunguka kila upande, wanawake na wanaume wakamwagika na mabeseni, ungo na ndoo. Xaveria alitangulia. Kemilembe akamfuata ameinamisha kichwa, akachota kahawa kwa mikono miwili, beseni likajaa. Alipita katikati ya watu wa Elipidius wakihangaika na turubai, hakuna aliyemtazama usoni. Gideon alikuwa upande wa pili na ndoo. Gari la mkaa lilisogea taratibu likaziba njia ya kutokea, kama lililokwama.

Mlangoni alisimama Elipidius mwenyewe, akipokea.

"Ahsante, mama. Mungu akubariki. Leta." Alimpokea Xaveria, akampa mtu wa ndani, akarudisha beseni tupu. "Ahsante. Mwingine, leta."

Kemilembe alimkabidhi beseni. Elipidius alilishika kwa mikono miwili, limejaa hadi juu, na uzito ukamvuta mbele. Ndipo alipoinua macho.

Kwenye mkanda wake, chini ya shati lililolowa, kitako cha bastola kilionekana wazi.

Kemilembe hakuliachia beseni. Alisogea karibu zaidi, sauti yake ya chini kuliko mvua.

"Usiimwage, katibu. Majirani wanakuangalia."

Ilikuwa kweli. Nyuma yake walikuwa wamesimama watu sita, saba, kila mmoja na kahawa yake mkononi, wanangoja zamu, matope hadi kwenye vifundo vya miguu. Elipidius alilitazama tope. Alilitazama beseni. Vidole vyake vilijikaza kwenye ukingo wa bati. Alichotakiwa kufanya ni kuachia tu, na mikono ingekuwa huru.

Hakuachia. Gideon alimchomoa ile bastola kiunoni kutoka nyuma, akamfunga pingu mkono wa kushoto kisha wa kulia, na muda wote huo katibu alikuwa amelishikilia beseni, halikumwagika hata punje.

Askari wa gari la mkaa walikuwa wamekwishawashika wanaume wake, wa uwanjani na wa ndani. Kutoka ndani ya ghala, kwenye bodi ya lori, mtu alikuwa anagonga kwa kisigino. Anagonga, anapumzika, anagonga.

"Xaveria, mama, ingia," alisema Kemilembe. "Safari hii hakuna wa kukuzuia mlangoni. Kuna mguu wa kutazamwa." Kisha akaiweka simu sikioni. "Mzee, mwambie Mama Vero awashe mashine. Na umpigie askari wa zamu: Tumwine atoke, na Deodatha asirudi nyumbani na kile chakula."